Kofia ya Baridi, Mkanda wa Kutodondoka

Tarehe 1 Julai 1912, kwenye maonyesho ya ndege ya Squantum karibu na Boston, ndege ilirudi ardhini bila mtu ndani yake. Ilikuwa Blériot mpya ya viti viwili kutoka Ufaransa. Muda mfupi kabla ya hapo usukani wake ulikuwa mikononi mwa Harriet Quimby, mwanamke wa kwanza nchini Marekani kupata leseni ya urubani, ambaye Aprili ya mwaka huohuo alikuwa ameruka peke yake juu ya bahari inayotenganisha Uingereza na Ufaransa. Nyuma yake aliketi William Willard, mmoja wa waandaaji wa maonyesho. Walipokuwa juu ya ghuba ya Dorchester ndege iliinama ghafla. Willard alitupwa nje, na sekunde chache baadaye Quimby naye akatoka. Umati uliojaa ufukweni uliwatazama wakianguka mpaka kwenye maji ya kina kifupi, na wote wawili wakafa. Ndege ilipobaki tupu ilijinyoosha, ikashuka taratibu na kunasa kwenye tope.

Watu wa fani walibishana muda mrefu kuhusu kilichoifanya iiname. Wapo waliosema Willard alihama kitini, na wapo waliosema waya wa usukani ulinasa. Lisilobishaniwa ni kwamba si Quimby wala Willard aliyekuwa amefunga mkanda.

Na mkanda ulikuwepo. Miaka miwili kabla, huko Fort Sam Houston, Texas, luteni Benjamin Foulois alikabidhiwa ndege pekee iliyomilikiwa na jeshi la Marekani, iliyotengenezwa na ndugu Wright. Ndege hiyo ilimrusharusha kila alipotua, naye akachoka. Akaenda kwa fundi wa matandiko ya farasi wa kikosi na kumwomba amshonee ukanda wa ngozi wa kama mita moja na ushei, wa kumfunga kitini. Mmoja wa mikanda ya kwanza kabisa ya usalama angani ulitoka, basi, kwenye karakana ya matandiko ya farasi, na kazi yake ilikuwa ileile ya matandiko: kumzuia mpandaji asidondoke.

Kazi hiyo ilibaki vilevile kwa muda mrefu. Tarehe 30 Aprili 1926, mjini Jacksonville, Florida, Bessie Coleman alipanda ndege yake ya aina ya Curtiss Jenny akiwa na fundi wake William Wills, aliyeshika usukani. Coleman alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupata leseni ya urubani. Aliipata Ufaransa mwaka 1921, baada ya shule za nchini kwake kumfungia mlango. Siku hiyo alikuwa anapima eneo la kurukia kwa mwavuli kesho yake, kwa hiyo aliacha mkanda wazi ili aweze kuchungulia nje. Ndege iliingia kwenye mzunguko na kupinduka, naye akaanguka. Wills alifia kwenye mabaki. Ndani ya mabaki hayo ilikutwa spana iliyokuwa imenasa kwenye mitambo ya usukani.

Anayetaka kuelewa vifaa vya usalama vya ndege za zamani inabidi aanzie hapa: kila kifaa kilibuniwa kujibu swali fulani, na mara nyingi swali hilo halikuwa la ajali. Mkanda ulijibu swali la kudondoka. Kofia ya ngozi, ile inayopendeza sana kwenye picha pamoja na miwani mikubwa na skafu ya hariri, ilijibu swali la baridi na upepo, na baadaye ikawa mahali pa kubandikia vipokea sauti vya redio. Rubani wa leo anayevaa ngozi tupu na kufunga mkanda wa kiunoni peke yake amejikinga na baridi na amejikinga na kudondoka. Ardhi bado hajajikinga nayo.

Swali la kichwa, kwa kweli, liliulizwa mapema. Tarehe 17 Septemba 1908, huko Fort Myer, Virginia, Orville Wright alimpandisha luteni Thomas Selfridge mbele ya maofisa wa jeshi. Rafadha ilivunjika, ndege ikaanguka kwa pua. Wright alivunjika mguu na mbavu lakini akapona. Selfridge alipasuka fuvu na kufa jioni ileile, akawa mtu wa kwanza kuuawa na ndege yenye injini. Jeshi likawaamuru marubani wake wa mwanzo wavae kofia nene, zilizofanana na zile za wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Huko Ufaransa kampuni ya Roold iliuza kofia ngumu zilizowekwa magome ya koki ndani, na wasafiri wengi wa anga wa kabla ya 1914 walipigwa picha wakiwa nazo, zimewakaa kichwani kama masufuria.

Halafu zikatoweka. Vita vilipoanza marubani walihitaji kugeuza shingo haraka kumtafuta adui, vyumba vya ndege vilikuwa vyembamba, na juu angani palikuwa na baridi ya kuua. Ngozi iliyotiwa manyoya ikashinda. Mpaka mwisho wa Vita Kuu ya Pili, rubani wa Spitfire au Mustang alikwenda vitani akiwa na kofia laini ya ngozi au ya kitambaa, huku mbele ya uso wake kukiwa na chombo cha kulengea cha chuma na kioo. Chombo hicho kilivunja nyuso nyingi kiasi kwamba ikabidi kifungwe mto wa mpira.

Aliyeligeuza swali alikuwa kijana aliyekataliwa na jeshi la nchi yake. Hugh DeHaven, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895, alijiunga na kikosi cha anga cha Uingereza huko Kanada, na akiwa mafunzoni ndege yake iligongana na nyingine angani. Alianguka nayo mpaka chini na hakufa, ila ini, kongosho na kibofu cha nyongo vilipasuka. Alipokuwa amelazwa alianza kuchunguza majeraha yake, akabaini kwamba yaliyomjeruhi zaidi ni bizimu ya mkanda wake mwenyewe, iliyokuwa kubwa na yenye ncha, na iliyokaa juu ya tumbo. Kwa nini yeye alikuwa hai? Madaktari walimwambia ni bahati. Hakuridhika na jibu hilo, na kwa miaka mingi liliendelea kumkera.

Baadaye, akiwa tayari ametajirika kwa uvumbuzi wake mwingine, alirudi kwenye swali lilelile kwa kudondosha mayai. Alianza jikoni kwake, akiyaangusha juu ya sponji, akiongeza kimo kidogokidogo, na mwishowe akawa anayadondosha kutoka kimo cha jengo bila kuvunjika. Kutoka kwenye mayai akahamia kwa binadamu waliowahi kuanguka kutoka maghorofani na kupona. Alikusanya visa vya watu walioanguka kutoka kimo cha mita 15 hadi 45, akapima udongo uliobonyea na bati lililojikunja chini yao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1942 yaliwashangaza madaktari: mwili wa binadamu unaweza kustahimili nguvu inayofikia mara 200 ya uzito wake, ikiwa ni kwa muda mfupi sana na ikiwa nguvu hiyo imeupiga kwa upana wake. Mwaka huohuo alianzisha utafiti wa majeraha ya ajali katika Chuo Kikuu cha Cornell. Kutokana na kazi yake likazoeleka wazo kwamba kila ajali ina migongano miwili, wa kwanza ndege na ardhi, wa pili mtu na ndege yake. Mgongano wa pili ndio unaoweza kuzuiwa kwa spana na bolti.

Hesabu yake si ngumu. Ndege nyingi za mazoezi za miaka ya 1930 hutua polepole, na Tiger Moth inaweza kuigusa ardhi kwa mwendo wa kama kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kila sekunde. Ikiwa mwendo huo utaishia kwenye umbali wa mita tatu, huku pua ikibonyea na magurudumu yakivunjika, rubani atasukumwa na nguvu ya karibu mara saba ya uzito wake. Ukiishia kwenye mita moja, ni mara 20. Kichwa ambacho hakikushikwa na chochote, kikapiga ukingo wa dashibodi na kusimama ndani ya sentimita tatu tu, kinafika mamia. Ndege ileile, mwendo uleule, lakini mwili umesimama taratibu na kichwa kimesimama papo hapo.

Hapo ndipo ndege za zamani zinapowashangaza wengi. Kwa mwendo wake mdogo na umbo lake la mabomba ya chuma na turubai, ndege ya mabawa mawili ya juu na chini ni kati ya vyombo ambavyo mtu anaweza kuanguka navyo na akapona, mradi awe amebaki kwenye kiti. Pua ndefu iliyo mbele yake inajikunja kabla ya kumfikia, na mabawa yanakula nguvu yanapovunjika. Kinachomuua mara nyingi ni vitu vidogo vilivyo karibu na uso wake: ukingo wa chuma, swichi, kioo cha upepo.

Kuhusu kiasi ambacho mwili uliofungwa vizuri unaweza kubeba, John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani, hakutaka kukisia. Kabla yake iliaminika kwamba mara 18 ya uzito wa mwili ni kifo. Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman, New Mexico, alijifunga kwenye kigari cha roketi kilichokuwa juu ya reli, kikafika kilomita 1,017 kwa saa na kusimama ndani ya sekunde 1.4. Nguvu ilifika mara 46.2. Mishipa ya macho ilipasuka, akawa haoni kwa muda, kisha akaona tena na akaishi mpaka mwaka 1999. Mikanda ya mabega, ya kiuno na ya miguu ilikuwa imemshika kila mahali palipokuwa na mfupa.

Wa kwanza kuyachukua mafunzo haya kwa dhati hawakuwa wapenzi wa ndege za zamani. Walikuwa wapuliziaji dawa mashambani. Baada ya vita, maelfu ya ndege za mazoezi za Stearman ziliuzwa kwa bei ya kutupa na kugeuzwa mashine za kupulizia pamba, na marubani wake walikuwa wakigonga nyaya za umeme na miti kila msimu. Mhandisi Fred Weick, akiwa Chuo cha Texas A&M, alichora ndege iitwayo Ag-1, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1950. Rubani aliwekwa juu na nyuma ya tangi la dawa, ili kila kilicho kizito kiwe mbele yake, na kiti pamoja na mikanda yake vikaundwa kustahimili mara 40. Ndege za kupulizia dawa zilizofuata ziliiga mpangilio huo. Matokeo yake ni kinaya: nafasi ya Stearman ya shambani ilichukuliwa na chombo kilichojengwa kwa ajili ya kuanguka, ilhali dada yake wa maonyesho, anayeng'arishwa kila Jumamosi, mara nyingi alibaki na mkanda wa kiunoni wa mwaka 1942.

Sheria inamruhusu. Nchini Marekani, mikanda ya mabega kwenye viti vya mbele vya ndege ndogo ni lazima kwa zile zilizotengenezwa baada ya 18 Julai 1978, na kwa viti vyote kwa zile za baada ya 12 Desemba 1986. Ndege ya zamani zaidi ya hapo haibanwi. Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri, NTSB, ilichunguza ajali za ndege ndogo za mwaka 1982 na kueleza mwaka 1985 kwamba asilimia 20 ya waliokufa kwenye ajali za kuweza kupona wangeishi kama wangekuwa na mikanda ya mabega, na kwamba asilimia 88 ya waliojeruhiwa vibaya wangepata majeraha madogo zaidi. Katika nambari zote zilizomo humu, hiyo ya 88 ndiyo ya kusimama nayo kidogo.

Lakini kuongeza mkanda ni jambo moja, na kuufunga mahali panapofaa ni jingine. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha tarehe 5 Machi 2015. Harrison Ford, mwigizaji wa Hollywood na rubani wa miaka mingi, aliruka kutoka uwanja wa Santa Monica, California, kwa ndege yake ya Ryan ya mazoezi ya kijeshi, iliyoundwa mwaka 1942. Muda mfupi baada ya kupaa injini ilipoteza nguvu. Alijaribu kurudi, akaona hafiki, akaielekeza kwenye uwanja wa gofu wa Penmar uliokuwa jirani. Ndege iligonga kilele cha mti kisha ikapiga nyasi. Watu waliokuwa wakicheza, wakiwemo wenye utaalamu wa tiba, walimtoa. Alivunjika nyonga na kifundo cha mguu na kuumia kichwani.

Uchunguzi wa NTSB ulipata mambo mawili. La kwanza lilikuwa ndani ya kabureta: kipande kidogo chenye tundu la kupima petroli kilikuwa kimefunguka kwenye nyuzi zake za skrubu na kuachia mafuta mengi kupita kiasi, na injini ikazama kwa petroli. Kabureta hiyo ilikuwa imefunguliwa na kuundwa upya kama miaka 17 kabla, wakati ndege ilipofanyiwa ukarabati mkubwa, na hakukuwa na maelekezo ya kuikagua sehemu hiyo tena. La pili ndilo linalotuhusu hapa. Ndege ilikuwa na mikanda ya mabega, iliyoongezwa baadaye. Mkanda wenyewe haukukatika. Ulikuwa umefungwa kwenye mgongo wa kiti, ambao ni bati jembamba lisilowekewa chochote cha kuliimarisha, na uzito wa mtu ulipoujia ulilipasua bati hilo. Wachunguzi waliandika kwamba ufungaji huo mbaya ulichangia ukali wa majeraha yake.

Fundi yeyote wa magari anayefunga mkanda kwenye Land Rover kuukuu anaijua hesabu hii bila kuandika. Mtu wa kilo 80, kwa nguvu ya mara 20, anavuta kama uzito wa tani moja na nusu. Kiti cha mwaka 1942 kilitengenezwa kumkalisha mtu. Hakikutengenezwa kuning'iniziwa gari dogo. Mkanda wa mabega unapaswa kufungwa kwenye mifupa ya ndege yenyewe, yaani bomba kuu la chuma lililo nyuma ya kiti au pau iliyoongezwa na kuchomelewa kati ya mabomba mawili. Kutoka begani uende nyuma ukiwa mlalo au ukipanda, lakini usipande zaidi ya nyuzi 30. Ukifungwa chini, karibu na sakafu, ndege inaposimama ghafla mkanda unayavuta mabega kuelekea kitini, na uti wa mgongo ndio unaobanwa katikati.

Mikanda minne peke yake, miwili ya mabega na miwili ya kiuno, ina hila yake. Mabega yakivutwa mbele, mkanda wa kiuno unapanda kutoka kwenye mfupa wa nyonga na kuingia tumboni, na mtu anateleza chini yake kwa miguu. Ni majeraha yaleyale ya DeHaven, sasa kwa njia nyingine. Dawa yake ni mkanda wa tano unaopita katikati ya miguu na kuushikilia ule wa kiuno chini. Wanaorusha sarakasi za angani wanaufahamu, kwa sababu ndio unaosaidia kuwabakiza kitini ndege ikiwa kichwa chini. Wengine wengi huuona ni usumbufu, na pengine ni kweli unapopanda umevaa kaptula, lakini tumbo ni tumbo.

Waingereza walikuwa na mikanda minne tangu Vita Kuu ya Kwanza. Mkanda wa Sutton, uliopewa jina la Oliver Sutton wa kikosi nambari 54, ulitumika kwenye ndege nyingi za kivita na za mazoezi, Tiger Moth ikiwemo. Mikanda yake ilikuwa na safu ya matundu yaliyozungushiwa shaba, na pini moja ilipitishwa kwenye yote minne na kufungwa kwa kibanio. Ni kitu kizuri kukitazama. Taabu yake ni kwamba unaweza kukazwa tundu kwa tundu tu, na kati ya tundu moja na jingine hubaki ulegevu. Kila sentimita ya ulegevu ni sentimita ambayo mwili husafiri bila kuzuiwa, ukingojea kukutana na mkanda kwa kishindo. Anayerusha ndege yenye mikanda halisi ya enzi hizo ana sababu ya pili ya wasiwasi: pamba na ngozi huoza kwa jasho, mafuta na jua, hata kama zinang'aa. Utepe wa poliesta wa leo hauozi upesi hivyo, na tena haunyumbuki sana kama ule wa nailoni, ambao ukivutwa hurefuka na kumfikisha mtu kwenye dashibodi aliyodhani yuko mbali nayo.

Kwenye Spitfire palikuwa na wenzo wa kulegeza mikanda ya mabega ili rubani ainame mbele kufikia swichi. Kabla ya kutua ilibidi akumbuke kuirudisha. Ndege nyingi zilizokarabatiwa siku hizi huwekewa kirudishi chenye springi, kinachomwacha mtu ainame atakavyo na kujifunga chenyewe ndege inapostuka.

Mkanda ukishafanya kazi yake, kichwa bado kinacheza. Katika chumba kilicho wazi na chembamba, shingo ndefu na sentimita chache zinatosha kukifikisha kwenye ukingo. Hapa ndipo kofia ngumu inaporudi, na historia yake ya kisasa inapita kwenye pikipiki. Mei 1935 T. E. Lawrence, aliyekuwa ametoka kustaafu jeshi la anga la Uingereza miezi michache kabla, alianguka na pikipiki yake huko Dorset na kufa siku sita baadaye bila kupata fahamu. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Australia. Kifo hicho kilimfanya achunguze vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha ushahidi kwamba kofia ngumu zinaokoa. Helmeti inayoning'inia kwenye usukani wa bodaboda Dar es Salaam au Kisumu, huku kichwa cha mwenyewe kikiwa wazi, inatokana na uchunguzi huo.

Kwenye anga ushahidi ulikuja kutoka kwa helikopta. Utafiti wa jeshi la Marekani uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba katika ajali za helikopta ambazo mtu angeweza kupona, asiyevaa kofia ngumu alikuwa katika hatari mara 6.3 zaidi ya kufa kwa jeraha la kichwa. Siri haiko kwenye ganda la nje. Iko kwenye povu gumu lililo ndani, la aina ileile inayofungashiwa televisheni mpya, ambalo hubonyea mara moja na kutorudi. Ndiyo maana kofia iliyowahi kupigwa inatupwa, hata ikionekana nzima.

Pingamizi zipo, na si zote za kipuuzi. Kofia nzito huilemea shingo wakati wa kusimama ghafla, na kwenye chumba cha wazi upepo wa rafadha huishika na kuivuta. Helmeti ya pikipiki iliyofunika kidevu haifai kabisa: inaziba macho yasione chini na haina nafasi ya vipokea sauti. Zinazofaa ni zile zilizotengenezwa kwa marubani, nyepesi, zikafungwa kwa mkanda wa kidevu uliokazwa. Zipo hata zilizofunikwa ngozi kwa nje, ili picha isiharibike.

Pingamizi linalobaki ni la uhalisi. Kwamba ndege ya 1940 inataka kofia ya 1940. Hoja hii ina udhaifu, kwa sababu marubani wa 1940 hawakuwa na mapenzi yoyote na vifaa vya zamani. Walikuwa wakifunga vioo vya kutazamia nyuma kwenye Spitfire zao na kuomba kila kipya kilichopatikana. Leo si ajabu kwenye maonyesho ya Uingereza kuona Spitfire ikishuka na ndani yake mtu aliyevaa kofia nyeupe ngumu ya kisasa. Umati haulalamiki.

Kuna adui mwingine ambaye mkanda na kofia havimtoshi. Tarehe 14 Mei 1931 mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton alipaa kutoka Voi, Kenya, kwa ndege yake ya Gipsy Moth, akiwa na mtumishi wake Kamau. Ndege ilianguka palepale karibu na uwanja na kulipuka moto, wote wawili wakafa. Kwenye Gipsy Moth petroli hukaa kwenye tangi la bawa la juu, karibu juu ya vichwa vya waliomo. Piper Cub hulibeba tangi lake mbele kidogo ya magoti, nyuma tu ya injini. Ndege ya kivita ya Hurricane ilikuwa na tangi la akiba kati ya injini na rubani, na liliposhika moto mwali ulimjia moja kwa moja usoni. Hospitali ya East Grinstead, ambako daktari Archibald McIndoe kutoka New Zealand aliwatengeneza upya marubani walioungua, ilipata wagonjwa wengi hivi kwamba mwaka 1941 walianzisha chama chao, na wanachama walifika 649. Mikono na nyuso ndizo zilizoungua zaidi, hasa za wale waliokuwa wamevua glavu na kupandisha miwani juu ya paji. Katika jambo hili mavazi ya kale si mabaya: glavu za ngozi, koti la ngozi, pamba na sufu haviyeyuki. Fulana ya nailoni iliyofichwa chini yake huyeyuka na kugandana na ngozi ya mtu.

Baada ya kugonga inabidi kutoka, na ndege yenye gurudumu la mkia ina tabia moja ya kukumbuka. Ikikwama kwenye tope au majani marefu wakati wa kutua, hupinduka na kulala chali. Baadhi ya ndege za chumba cha wazi zina nguzo imara nyuma au mbele ya kichwa cha rubani ya kubeba uzito huo, na nyingine hutegemea bawa la juu peke yake. Rubani anabaki ananing'inia kichwa chini, petroli inadondoka mahali fulani, na silika yake ya kwanza ni kufungua bizimu. Wapo waliopona ajali bila mchubuko na kuumia shingo sekunde hiyo, kwa kuanguka kichwa kwanza. Utaratibu wenyewe ni kuzima swichi za injini na kufunga mafuta, kukita mkono mmoja kwenye ukingo au kwenye ardhi iliyo chini ya kichwa na kujisukuma kuelekea kitini mpaka uzito uhamie mkononi, kisha mkono wa pili ndio uvute bizimu. Zoezi lake hufanyika bandani, ndege ikiwa imesimama kwa magurudumu yake na macho yamefumbwa, mpaka vidole vizoee kuipata bizimu, swichi na bomba la mafuta bila kutafuta.